Kamera ya joto na goti la mamangu

Hata shikamoo hakumpa. Mamangu ana miaka 70 na ushei, na yule kijana wa kupiga picha, macho kwenye simu, akamwambia, “Panda hapo, fungua miguu hiyo.”

Tulikuwa tumevuka feri ya Likoni adhuhuri, kaskazi imekaza, kisha tuktuk mpaka kliniki hiyo ya mjini. Mamangu aliteleza ngazini, Ramadhani au kabla yake kidogo, goti la kushoto likavimba kama bofulo. Mimi ndiye niliyeitaka hii kamera ya joto. Haimpigi mtu mionzi kama eksirei. Inasoma joto linalotoka kwenye ngozi tu, ikalichora kwa rangi kwenye skrini, nyekundu penye moto, buluu penye ubaridi. Na penye uvimbe damu hujaa, pakawa na moto kuliko upande wa pili.

Lakini mtu aliyetoka juani huketishwa kwanza kwenye chumba chenye ubaridi, kama dakika 15 au 20, miguu wazi, ngozi itulie. Wala hafai kuwa amejipaka kitu. Mamangu alikuwa amejichua dawa asubuhi, magoti yote mawili, harufu imejaa chumba kizima. Kijana hakuuliza. Kiyoyozi kimekufa, feni inasukuma joto. Dakika mbili hazikwisha: kwenye skrini magoti yote mekundu kama makaa. “Yote yameharibika. Ni uzee huo.”

Uzee! Mamangu akajifunga leso yake kimya. Hakusema neno mpaka tukafika ng’ambo.

Niliapa nitamwambia kila mtu aikimbie mashine hii. Kisha wiki kadhaa baadaye daktari wa mifupa akatupeleka kwengine. Dada wa pale alianza na, “Shikamoo mama. Umejipaka chochote leo?” Alikuwa amejipaka, tukaambiwa turudi kesho. Kesho yake akamketisha kwenye baridi, wakaongea habari za wajukuu hadi muda ukatimia. Goti la kulia likatoka buluu, la kushoto linawaka upande wa ndani. Daktari naye hakujifanya anajua yote: picha inaonyesha penye moto, haionyeshi kilichochanika. Akaagiza ultrasaundi ya pale pale penye wekundu.

Kwa hivyo mashine siilaumu. Au nailaumu nusu, maana zile rangi zake mtu huziamini hata zikidanganya. Kijana yule simsamehi. Mamangu anasema nimwachie Mungu. Mimi nimesharudi mara mbili kudai pesa zetu, na Jumatatu naenda tena.