Likizo Zanzibar: hoteli ya kila kitu au nyumba yenye jiko?

Kwa anayepunguza uzito, hoteli ya Nungwi au Kiwengwa yenye chakula ndani ya bei ina mtego mmoja: umeshalipa, kwa hiyo kuacha kitu unaona hasara. Asubuhi mandazi, mayai na soseji, mchana bufee, jioni bufee tena, na bia katikati. Pombe ina kalori 7 kwa gramu, mafuta 9. Haki yake nayo isemwe: samaki wa kuchoma na matunda havikosekani.

Nyumba ya kupanga Mji Mkongwe inakupa sufuria, na soko la Darajani liko jirani. Nunua samaki aina ya changu, mchemshe kwa ndimu, nyanya na pilipili, mchicha pembeni, ndizi mbichi badala ya wali wa nazi. Kazi ipo, kupara samaki likizoni si kila mtu atakubali! Jioni kuna vyakula vya bustani ya Forodhani: pweza na mishikaki sawa, ila juisi ya miwa ni sukari tupu.

Mimi ningechukua nyumba, hasa kwa sababu vichochoroni unatembea kwa miguu kutwa. Hoteli ningeiacha kwa safari ya siku mbili, au ya kwenda na watoto wadogo.