Tathmini ya kliniki ya msaada wa kisheria Eastlands: kura ya vibanda na ngazi 34

Kwa miezi minne nimekuwa mteja wa kliniki moja ya msaada wa kisheria iliyoko Eastlands, Nairobi, ambayo hufunguliwa Jumanne na Alhamisi asubuhi katika ukumbi wa kukodi, na ambayo sitaitaja jina kwa kuwa lalamiko la wafanyabiashara wenzangu sokoni bado halijaamuliwa. Huduma yenyewe ni bure. Nilichotoa mfukoni ni nauli ya matatu, pesa za fotokopi na za kusafisha picha sita. Ninaiandikia tathmini kwa ajili ya yeyote aliyefanyiwa na ofisi ya umma uamuzi unaoonekana sawa kwa wote kwenye karatasi, huku ukimwacha yeye nje ya mlango.

Mimi ni fundi cherehani, na natembea kwa magongo tangu utotoni kwa sababu ya polio. Soko letu lilipojengwa upya, ofisi inayogawa vibanda iliamua kwamba kila mfanyabiashara avute karatasi kutoka kwenye ndoo. Karatasi yangu ilikuwa na nambari ya ghorofa ya juu, ambako hakufikiki ila kwa kupanda ngazi 34, nilizozihesabu mwenyewe nikipumzika mara mbili. Lifti haipo, wala njia ya mteremko. Nilipomwendea karani alinijibu kwa upole kabisa, "Mama, kura ni kura. Hapa hakuna aliyependelewa." Kusema kweli sikuwa na la kumjibu, maana hata mimi niliamini kwamba kuvuta kutoka ndoo moja ndiyo haki yenyewe. Kwa wiki tatu wateja wangu waliniita wakiwa chini, nami nikawateremshia nguo zao ndani ya mfuko uliofungwa kwa kamba.

Nilifika kliniki nikiwa na barua niliyoiandika usiku kwa mkono wangu. Mshauri aliisoma yote, akachukua kalamu na kuukata mstari mmoja tu: ule niliposema "naomba mnihurumie". Alinieleza kwamba aombaye huruma humwachia mwenye ofisi hiari ya kukubali au kukataa, ilhali mimi nilikuwa na dai. Kisha akaniuliza ni nani hasa aliyeamua, ni lini, na kama nilipewa sababu kwa maandishi. Sikuwa nimepewa, na wala sikuwa nimejua kwamba sababu ni kitu cha kudaiwa.

Hapo ndipo kliniki hii ilipostahili sifa zake. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaikataza Serikali kumbagua mtu moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na ulemavu umetajwa humo waziwazi pamoja na jinsia, umri na dini. Mshauri aliyafafanua maneno hayo, "isiyo ya moja kwa moja", karibu nusu saa, akanieleza kwamba ubaguzi wa aina hiyo hauhitaji mtu mwenye chuki: yatosha kuwepo kanuni moja kwa wote ambayo uzito wake unawaangukia watu fulani kwa sababu ya hali waliyo nayo. Kwa hiyo jibu la karani, kwamba ndoo ilikuwa moja, halikuwa limelimaliza lalamiko langu. Lilikuwa limelieleza vizuri kuliko nilivyolieleza mimi. Kifungu cha 54 kinaongeza kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na cha 47 kwamba anayeathiriwa vibaya na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Lililonifaa zaidi ni lile linalotoka katika sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza Kifungu hicho cha 47. Ofisi ikiombwa sababu ina miezi mitatu ya kuzitoa, na isipozitoa, uamuzi wake huchukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu nzuri mpaka ithibitishwe vingine. Ndiyo maana kliniki ilisisitiza nakala mbili za barua ya kuomba sababu, moja ya ofisi na nyingine yangu, yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe inayosomeka. Muhuri wa kwanza ulikuwa na wino hafifu. Mshauri alinirudisha siku iyo hiyo nikapigiwe mwingine. Nilikasirika njiani, lakini alikuwa sahihi.

Nilitaka kukimbilia mahakamani Milimani, naye akanizuia. Sheria hiyohiyo humtaka mlalamishi amalize kwanza njia zilizopo ndani ya ofisi husika, isipokuwa mahakama imwondolee sharti hilo. Hata hivyo alinihakikishia kwamba mlango huo si wa matajiri peke yao: Katiba inakataza kutozwa ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za msingi, na kanuni zilizotolewa mwaka 2013, Willy Mutunga akiwa Jaji Mkuu, zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida. Kabla ya huko ipo Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, na ipo ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma.

Sasa dosari. Mshauri ni mmoja kwa watu wasiopungua ishirini, na anayefika baada ya saa mbili asubuhi hurudi nyumbani bila kuonwa. Wanafunzi wa sheria wanaomsaidia hubadilika kila mara, hata nikalazimika kusimulia habari zangu upya kwa watatu tofauti. Kubwa zaidi, barua iliyotumwa kwa jina langu iliandikwa kwa Kiingereza, eti ofisini huchukuliwa kwa uzito. Niliitia sahihi baada ya kuelezwa kwa mdomo tu. Katiba ileile, katika Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kliniki inayofundisha watu usawa ingepaswa kulikumbuka hilo bila kukumbushwa na fundi wa nguo.

Jibu la ofisi ya vibanda lilikuja wiki ya tisa, aya moja. Nilipewa kibanda cha chini karibu na lango, ambacho muda wote huo kilikuwa stoo ya mafagio na toroli. Hakuna popote ilipoandikwa kwamba kura ilikosewa, na hakuna aliyeniuliza, si ofisini wala kliniki, kama niko peke yangu. Siko peke yangu: yuko mama wa nafaka mwenye magoti mabovu, na yuko kijana wa kutengeneza simu anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye amekipangisha kibanda chake cha juu na sasa anafanyia kazi kando ya barabara.

Naipa kliniki nyota nne kati ya tano. Barua ya wenzangu hao nimeiandika mimi, kwa Kiswahili, tukitaka vibanda vya chini vitengwe kwanza kwa wasioweza kupanda ndipo ndoo izungushwe. Mshauri alirekebisha mahali pawili tu. Ilipokelewa Jumatano iliyopita, na muhuri safari hii umekolea.