Hadubini ya metali ya bei nafuu kwa picha za chipu kongwe: tathmini kwa watumiaji wa Mwanza

Hadubini tunayoipima hapa ni ile ya metali ya daraja la kuanzia, inayotengenezwa China na kuuzwa mtandaoni kwa majina mengi huku mwili ukiwa uleule: macho mawili, lenzi kadhaa kwenye kichwa kinachozunguka, na mrija wa tatu juu kwa ajili ya kamera. Bei yake ni mamia ya dola kabla ya usafiri. Kwa mtu wa Nyamagana au Ilemela anayetaka kupiga picha ndani ya chipu za miaka ya 1970 na 1980 na kuzisoma transista moja moja, inafaa, tena inafaa sana, mradi anunue kwa kuangalia vitu sahihi. Ukuzaji mkubwa uliochapwa kwenye boksi si mojawapo.

Hadubini ya shule au ya maabara ya zahanati haiwezi kazi hii. Ile humulika kutoka chini, mwanga ukapenya tone la damu au ngozi ya kitunguu. Silikoni haipitishi mwanga wa kawaida, kwa hiyo utaona kivuli cheusi cha pembe nne na basi. Hadubini ya metali hushusha mwanga kupitia lenzi ileile inayotazama: taa iko nyuma ya shingo, kioo kinachopitisha nusu ya mwanga kinaugeuza kwenda chini, unagonga chipu na kurudi juu kwenye jicho. Kumulika kwa tochi kutoka ubavuni hakuokoi kitu, maana uso wa chipu ni bapa na unaakisi. Mwanga unarukia upande wa pili bila kuingia kwenye lenzi. Ndiyo sababu vile vihadubini vya USB vyenye taa kuzunguka lenzi huonyesha umbo la chipu na rangi chache tu.

Sasa lenzi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ubavuni mwa kila lenzi kuna namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, mfano 10/0.25. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ndiyo inayoamua utaona kitu kidogo kiasi gani: zidisha urefu wa wimbi la mwanga kwa 0.61, kisha gawanya kwa namba hiyo. Kwa mwanga wa kijani wa mikroni 0.55 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lenzi ya 4/0.10 hutenganisha mistari iliyoachana mikroni 3.4, ya 10/0.25 mikroni 1.3, ya 20/0.40 mikroni 0.84, ya 40/0.65 mikroni 0.52. Linganisha na chipu zenyewe, hapa vichakato vya kompyuta. MOS 6502 ya 1975 ilitengenezwa kwa vipimo vya mikroni 8, Intel 8080 ya 1974 kwa mikroni 6, Intel 8086 ya 1978 kwa mikroni 3 hivi. Lenzi ya 10x inazisoma zote. Ukifika 80386 ya 1985, yenye transista 275,000 na mistari ya mikroni 1.5, unahitaji 20x. Pentium ya 1993, ya mikroni 0.8, hata lenzi ya 40x inaisoma kwa shida, na tabaka zake za metali zimefunika karibu kila kitu kilicho chini. Tangazo la 2000x linapatikana kwa kuweka lenzi za macho zenye nguvu zaidi juu ya lenzi ileile ya chini: picha inakuwa kubwa, maelezo hayaongezeki.

Angalia pia namba nyingine, kama 160/0.17 au ∞/0. Hiyo 0.17 maana yake lenzi ilisanifiwa itazame kupitia kioo chembamba cha kufunikia sampuli, kile cha milimita 0.17. Chipu haina kioo hicho. Kwenye 10x tofauti haionekani; kwenye 40x picha inakuwa na ukungu usioondoka hata ukizungusha skrubu ya ukali siku nzima. Dai lenzi zenye 0 au kistari mahali hapo.

Kuhusu kamera, ile ya megapikseli 5 inatosha. Kihisio chake cha kawaida kina pikseli za mikroni 2.2, ukitumia lenzi ya 10x na kipunguzi cha 0.5x (lenzi ndogo inayopunguza picha kwa nusu) kwenye mrija, kila pikseli inafunika mikroni 0.44 za chipu, wakati lenzi yenyewe haitenganishi chini ya 1.3. Kamera ya megapikseli 18 kwenye mrija huo itakujazia diski tu. Fedha hiyo ipeleke kwenye meza ya kusogeza, yenye skrubu mbili, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma. Bila meza hiyo usinunue. Sababu ni hesabu: kwa mpangilio huu kila picha inachukua eneo la milimita 1.14 kwa 0.86, na 6502 ina milimita 3.9 kwa 4.3. Ukiacha picha zipandane kwa asilimia 30, unahitaji safu 5 na mistari 7, yaani picha 35. Kwa lenzi ya 20x zinafika kama 140. Hakuna mkono wa binadamu unaosukuma chipu kwa usahihi huo mara 140.

Kinachowashinda wengi ni kusawazisha. Lenzi ya 10x ina kina cha ukali cha takriban mikroni 9. Ya 40x haifiki mikroni moja na nusu. Chipu ya milimita 4 iliyoinama kwa sehemu ya nane tu ya nyuzi moja tayari imemaliza mikroni 9 hizo, kona moja ikiwa kali na ya pili imefifia. Bandika chipu kwenye donge la udongo wa kuchezea watoto juu ya kipande cha kioo, kandamiza kutoka juu kwa kitu kilicho sambamba na meza bila kugusa silikoni, halafu pima: weka ukali kona moja, nenda kona ya mkabala bila kugusa skrubu. Picha ikififia, bonyeza donge upande ulio juu. Rudia mpaka kona zote nne zikubali. Udongo hulegea kwenye joto, na mchana wa Mwanza unaulegeza zaidi, kwa hiyo subiri robo saa kabla ya kuanza mfululizo wa picha.

Mazingira yetu yana mengine yake. Chukua toleo la taa ya LED, si halojeni. Halojeni hupasha moto shingo ya hadubini, ukali ukawa unahama polepole katikati ya kazi, na umeme ukikatika umebaki gizani. LED ya volti 5 inaendeshwa na pawabenki. Unyevu wa ziwa huzalisha kuvu kwenye lenzi ndani ya misimu michache. Ukimaliza, vua lenzi, zifungie kwenye kopo lenye mfuniko wa mpira pamoja na pakiti za silika, na zikaushe pakiti hizo mara kwa mara. Usiku wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa mawingu wanafuata taa yoyote. Mmoja akifa juu ya chipu, mabaki yake yanang'ang'ania. Funga madirisha kwanza, washa taa baadaye. Mtetemo, kwa bahati, si tatizo kubwa kwa waliojenga juu ya majabali: meza nzito kwenye sakafu ya chini inatosha. Walio ghorofani karibu na barabara ya malori wapige picha kwa kubofya kwenye kompyuta, si kwa kugusa kamera.

Chipu za kuanzia zipo, na hazihitaji kuvunjwa. Kumbukumbu za EPROM kama 2716, 2764 na 27C256 zina dirisha la kioo cha kwatzi (quartz) juu, lililowekwa ili data ifutwe kwa mwanga wa urujuanimno. Ziko kwenye mazabodi ya kompyuta za 286 na 386, mashine za fotokopi na printa kongwe zilizorundikana kwa mafundi, kwa kawaida chini ya stika. Stika hiyo ndiyo inayolinda data. Soma data kwanza kwa kifaa cha kusomea, ndipo uibandue na kusafisha gundi kwa spiriti: jua kali linaweza kufuta chipu kwa wiki moja hivi. Tumia 4x na 10x. Lenzi kali zaidi za kawaida zitapata taabu, kwa kuwa dirisha ni nene na chipu imezama chini yake.

Hatua ya pili ni chipu za seramiki zenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, kama 80386 na 80486 za pini nyingi, ambazo kifuniko chao kiko upande wa pini. Nyingi zimeunganishwa kwa lehemu ya dhahabu na bati inayoyeyuka kwenye nyuzi 280 za selsiasi. Mashine ya hewa ya moto ya fundi simu ikiwekwa 380, kifuniko kinalegea ndani ya dakika chache. Kiinue kwa wembe, usikiteleze juu ya nyaya. Chipu inakuwa chini ya shimo, na lenzi ya 40x ya kawaida, ambayo hukaribia kitu kwa chini ya milimita moja, itagonga ukingo kabla haijapata ukali. Hapo unahitaji lenzi ya masafa marefu, na ndiyo nyongeza pekee ya gharama tunayoipendekeza. Zile za seramiki mbili zilizogundishwa kwa kioo, za rangi ya kijivu au kahawia, zibane kwenye jiliwa na uzigonge kwa patasi kwenye mshono. Nyaya zitakatika, chipu itabaki. Vaa miwani. Transista za nguvu za redio zenye seramiki nyeupe usizipasue wala kuzisaga kabisa: baadhi zina oksidi ya berili, na vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Plastiki nyeusi inahitaji asidi ya naitriki ya moto. Moshi wake wa kahawia unaweza kuyajaza mapafu maji saa kadhaa baada ya mtu kujiona mzima. Kazi hiyo ni ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa, si ya jikoni wala uani.

Kuunganisha picha, programu ya bure ya Hugin inatosha. Kabla ya picha ya kwanza funga mwangaza na rangi ya kamera kwa mkono, la sivyo utapata picha iliyoungwa kama shuka la viraka. Ndani ya Hugin weka lenzi ya kawaida, pembe ya nyuzi 10, na uiruhusu irekebishe kusogea kwa X na Y na mzunguko tu. Ukiiachia kila kitu itaipinda chipu kana kwamba ni mandhari ya milima. Kwenye maeneo ya kumbukumbu, ambako seli zinafanana maelfu kwa maelfu, programu inalinganisha seli isiyo yake na kuhamisha picha safu nzima. Futa pointi zake hapo, weka zako kwa mkono ukingoni, ambako kuna kitu kisichojirudia.

Picha ikishakamilika, soma hivi kwenye chipu za NMOS (aina ya transista ya miaka ile) kama 6502: mistari mipana inayong'aa ni metali ya alumini, chini yake kuna polisilikoni (silikoni ya chembechembe inayotumika kama waya) na maeneo ya silikoni yaliyotiwa madini, yaani kuchanganywa kidogo na elementi nyingine ili yapitishe umeme. Kila mahali polisilikoni inapokatiza eneo lililotiwa madini, hapo pana transista. 6502 ina takriban 3,500 za namna hiyo, na mradi wa Visual6502 ulizifuatilia zote kutoka kwenye picha mpaka chipu ikaendeshwa kama programu. Rangi za kijani na zambarau zinatokana na unene wa tabaka la oksidi, kwa hiyo usizitegemee kutambua kitu kutoka chipu moja hadi nyingine.

Picha ina mipaka. Data ya EPROM haionekani, kwani ni chaji tu iliyonaswa. Na kwenye kichakato cha Z80 cha 1976, msanifu wake Masatoshi Shima aliweka mitego kwa wanaonakili: transista zinazoonekana za kawaida, kumbe zimepigwa ioni (atomi zenye chaji) ziwe zimewashwa daima. Ioni hizo lenzi hii haizioni.

Hadubini ikifika, izungushie kila lenzi juu ya chipu ileile kabla hujasaini kupokea. Kitu kilicho katikati kwenye 10x kinapaswa kubaki ndani ya picha kwenye 20x. Kona moja ikiwa nyeusi daima, kioo cha ndani kimehama njiani. Skrubu zake ziko nyuma ya shingo na zinarekebishika. Doa linalobaki palepale unapozungusha lenzi liko kwenye kamera. Kwa kuwa migodi ya Geita haiko mbali, ulizia pia hadubini za madini zilizotumika, zile za kukagulia mawe ya dhahabu yaliyong'arishwa. Nazo humulika kutoka juu, na yenye lenzi safi tungeichukua kabla ya mpya.