Ruta ya kununua Lubumbashi: pima kwanza, lipa baadaye

Ndugu zangu wa Lubumbashi, namba kubwa ya kwenye katoni isiwatoe pesa mfukoni. TP-Link Archer C50 imeandikwa AC1200, lakini hiyo 1200 ni bendi mbili za Wi-Fi zilizojumlishwa, 300 na 867, kisha zikakuzwa kidogo. Matundu yake ya waya yanaishia megabiti 100 kwa sekunde. Ukilipia laini ya intaneti ya megabiti 200, kwa waya utapata 95 hivi basi.

Kwa hiyo nenda dukani na kompyuta mbili zenye iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili. Moja uichomeke kwenye tundu la intaneti, uipe anwani ya mtandao kwa mkono, na tundu hilo la ruta nalo ulipe yake, kisha kompyuta iwe seva. Nyingine uichomeke tundu la ndani. Zote mbili zikikaa upande wa ndani, unapima swichi tu, yaani sehemu inayounganisha matundu ya ndani, ruta yenyewe haijafanya kazi. Pima, kisha ongeza -R kwenye amri ya iperf3 upime upande wa pili. Tundu la gigabiti, yaani megabiti 1000, hutoa karibu 940. Muuzaji anayekataa kipimo cha dakika chache, mimi namwacha.

Nyumbani, anzisha upakuaji mkubwa huku pingi, kipimo cha muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ikiendelea. Ikiruka kutoka milisekunde 40 hadi 600, foleni ya data imejaa njiani, na simu ya WhatsApp itakatikakatika hata kama kasi ni nzuri. Hilo ndilo linaloudhi familia nyingi, na kipimo cha kasi peke yake hakilioneshi.

Ya kwanza kwangu ni MikroTik hAP ax2: gigabiti kote, Wi-Fi 6, na RouterOS 7, mfumo wake wa uendeshaji, ina CAKE, mbinu inayoitawala foleni hiyo ukiweka kikomo chini kidogo ya kasi ya laini yako. Kuipanga kunataka fundi. Mlipe.

Ya pili, MikroTik hEX, kwa ofisi. Haina Wi-Fi, utaongeza kifaa cha kurusha mawimbi. Lakini toleo lake la RB750Gr3 linapokea volti 8 hadi 30, hivyo SNEL wakikata umeme, betri ya volti 12 inaliendesha bila inveta. Kwa mji wetu hilo ni jambo kubwa.

Ya tatu, Archer C6, gigabiti pia, na yeyote anaweza kuiwasha mwenyewe.

C50 ije mwisho, kwa laini ya 20 au 50, ambako matundu yake hayatakubana.