Mjusi wa Mwanza aliyekataliwa Mwanza: uzoefu wangu na programu ya kutambua viumbe

Majuma kadhaa yamepita na bado kila nikishika simu moyo unanichafuka. Ninazungumzia programu ile ambayo mtu wa kawaida hupiga picha ya mmea au mnyama wa porini, akaipakia pamoja na mahali alipokiona kiumbe hicho, kisha wajuzi wa kujitolea popote walipo duniani wakathibitisha jina lake. Nimeitumia kwa gugumaji na kwa pimbi wa kisiwa cha Saanane bila ugomvi na mtu.

Siku hiyo nilikuwa juu ya mawe ya Capri Point, hapa Mwanza, na hatua chache mbele yangu mjusi dume alikuwa amejianika, kichwa na mabega yamekolea waridi, mwili uliobaki buluu. Nililala kifudifudi karibu nusu saa ili nimpate vizuri, jambo lililowachekesha sana watoto waliokuwa wakipita. Nikaandika jina lake, Agama mwanzae. Kabla ya jioni mjuzi mmoja, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kukanyaga Afrika, alikuwa amekwisha kulipinga na kuweka Agama agama, mjusi wa Afrika Magharibi, akaongeza kwamba bila shaka nimekosea kuweka alama kwenye ramani, hivyo nijifunze kwanza kabla ya kuwapotezea watu muda. Nimekosea ramani, mimi niliyekuwa na vumbi la jiwe lenyewe kifuani! Mjusi huyu alielezwa kisayansi mwaka 1923 akapewa jina la mji wetu, leo anaambiwa kwao ni Nigeria.

Nilitoa nyota moja. Baadaye wachangiaji wawili waliunga mkono jina langu, likarudi, na kwa kuwa haki ni haki nikapandisha hadi nne, maana sijui chombo kingine ambacho mtu asiye na shahada angeweza kubishana hivyo na akasikilizwa. Kisha nikasoma jibu la yule mjuzi: "Wanafanana." Hakuna samahani. Nikashusha hadi mbili, na huenda nimeonea programu kwa kosa la mtu.

Jumamosi ninavuka tena kwenda Saanane kumtafuta jike, ambaye ni wa kahawia tu na kumtambua ni kazi zaidi. Safari hii nitaanza kwa kupiga picha kibao cha hifadhi.