Kamba ya mita 10 kwa mbwa ambaye bado hajamwamini mtu

Mtu akiniuliza anunue nini kwanza anapomchukua mbwa aliyeokolewa na anaishi mashambani, simtajii kitanda wala midoli. Namwambia kamba ndefu. Kitanda mbwa wa namna hii mara nyingi hukipita tu; atalala sakafuni, kwenye kona ambayo mgongo wake unagusa ukuta na macho yanaona mlango. Midoli hajui ni ya kazi gani. Lakini siku ya kwanza hiyo hiyo itabidi atoke nje, na huko nje kiangazi kinapoelekea mwisho hapakosekani cha kumfanya atimue mbio: sungura anayechomoka kwenye mabua yaliyovunwa, trekta, ngurumo za mchana, milio ya bunduki za wawindaji.

Ninayoizungumzia hapa ni ya mita 10, upana wa milimita 13. Ni utepe wa poliesta uliovikwa plastiki laini, una ndoano ya shaba upande mmoja, na upande wa pili umekatwa hivi hivi bila kitanzi. Nimeitumia kiangazi chote, hasa kwa Doa, jike mwembamba aliyetolewa kwenye ua alikofungwa mnyororo tangu utotoni. Ukinyanyua mkono kujikuna tu, analala chini na kufumba macho. Mbwa kama huyu akikuponyoka siku za mwanzo harudi kwa kuitwa, kwa sababu jina lenyewe hajalijua na sauti yako haijamwambia kitu.

Nianze na kilichonifurahisha zaidi, yaani hilo vazi la plastiki. Kamba ya pamba ni nzuri mkononi, hilo silikatai, lakini ipitishe asubuhi kwenye majani yenye umande uone. Inanywa maji mpaka inakuwa mzigo, na inazoa kila mbegu iliyo njiani. Mbegu za nyasi za mwisho wa kiangazi zina nywele ngumu zinazozifanya ziende mbele tu, hazirudi nyuma. Zikiingia katikati ya vidole vya mbwa, sikioni au puani, zinaendelea kupenya ndani ya nyama na kuacha jipu, na hapo ni safari ya kwa daktari wa mifugo. Sitaki kamba inayozikusanya na kuniletea ndani ya nyumba. Nailoni nayo inachoma kiganja mbwa anapoivuta kwa kasi. Hii ya plastiki inapita kwenye majani bila kushika kitu. Jioni naivuta katikati ya kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, basi, imetakata.

Rangi nilichagua ya machungwa, na ninawasihi wengine wachague rangi inayopiga kelele. Kwanza unaiona ilipo kwenye nyasi zilizokauka. Pili, kupe wanaonekana. Kupe hupanda hadi ncha ya jani, akanyoosha miguu ya mbele na kungoja mwenye damu apite. Akidandia kamba ya kahawia humwoni, akidandia ya machungwa utamwona anatambaa. Hata hivyo, hilo halikuondolei kazi ya kumpapasa mbwa mwili mzima mkirudi: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkia. Doa alikuwa akitetemeka nikimshika masikio. Siku hizi anaegemeza kichwa.

Sasa jambo ambalo ni lazima nilisisitize, maana nimeona watu wakifunga kamba ndefu kwenye kola ya shingo. Msifanye hivyo. Mbwa akikimbia mita 10 kwa nguvu zake zote na kamba ikaisha, mshtuko wote unaishia kwenye koo na mifupa ya shingo. Kamba hii ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, ule wenye umbo la Y mbele, unaoacha mabega huru. Na kwa mbwa mwoga, uwe na ukanda wa tatu unaozunguka tumbo nyuma ya mbavu, pale kiuno kinapokuwa chembamba. Mbwa mwenye hofu hajivui kwa kwenda mbele. Anarudi kinyumenyume, anakunja mabega, na mkanda wa kawaida unabaki mikononi mwako. Ukanda wa tatu ndio unaomzuia. Mbwa wa mbio wenye kichwa chembamba kuliko shingo ndio hatari zaidi, kola ya kawaida inawatoka kirahisi sana. Kaza mpaka vidole viwili vilale chini ya ukanda, visipite zaidi.

Namna ya kuishika nayo ina maana. Usiizungushe mkononi hata mara moja, inavunja vidole. Iache iburuzike nyuma ya mbwa, wewe tembea karibu na mwisho wake. Nimezungusha utepe mwekundu kwenye mita 5 na mita 8 ili nijue imebaki kiasi gani bila kuhesabu. Doa akimwona sungura, masikio yanasimama kwanza, kisha kamba inaanza kuteleza kwenye mabua, ule mlio mkavu wa haraka haraka, utepe wa mita 5 unanipita, naweka mguu. Soli ya kiatu inatosha. Anapunguzwa kasi badala ya kugongwa na mwisho wa kamba, anageuka kunitazama, na nikiwa na kipande cha nyama mfukoni anakuja. Huko kugeuka ndiko ninakokulipia mimi. Ukosefu wa kitanzi nao unasaidia hapa, kwa sababu hakuna cha kunasa kwenye kisiki.

Kuna jambo jingine la majira haya. Joto likikaa muda mrefu, madimbwi na mabwawa yaliyotulia hufanya utando wa kijani juu, kama rangi iliyomwagika. Baadhi ya utando huo ni bakteria wenye sumu inayoweza kumuua mbwa ndani ya saa chache, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Mbwa mwenye kiu hasomi rangi ya maji. Mwenye kuitika jina unamwita. Asiyejua jina unamzuia kwa kamba. Kwa hili peke yake ningeinunua tena.

Kwa wanyama wengine wa nyumbani, kamba inasaidia na inaweza pia kuleta balaa. Kwa kuku ilinifaa sana. Kuku wakiwa ndani ya wavu na Doa kwa mbali, kamba imelegea, nikimpa kitu kila alipowatazama na kuachana nao, tukisogea taratibu kila jioni. Lakini msiingie na mbwa mwenye kamba ndefu kwenye zizi la punda. Punda kwa asili yake hawapendi jamii ya mbwa, ndiyo maana kuna wafugaji wanaowaweka na kondoo ili wafukuze mbwamwitu na mbweha. Punda wangu, mpole kwa kila mtu, akimwona mbwa mgeni anainamisha kichwa na kwenda moja kwa moja kupiga kwato. Mbwa mwenye kamba hapo hana pa kukimbilia, na kamba ikizunguka miguu ya punda mnaumia wote. Mbuzi nao wana lao: plastiki hii inawanoga. Wametafuna mwisho wa kamba yangu mpaka nyuzi za ndani zikaonekana, ikabidi nikate kipande. Itundikwe juu, mbali na wao.

Kasoro za kamba yenyewe ninazo. Ikilowa inateleza mkononi, kwa hiyo tafuteni ile yenye uso wa kukwaruza kidogo, sio ya kung'aa. Ndoano ikiachwa juani inachoma; ishikeni kwanza nyinyi kabla haijagusa mgongo wa mbwa. Na saa zenye joto hilo hata kutembea hakufai: mbwa hupoza mwili zaidi kwa kuhema, jasho lake ni la nyayoni tu na ni dogo, kwa hiyo mimi natoka alfajiri na baada ya jua kuzama. Halafu angalieni ndoano ilivyofungwa. Yangu ya kwanza ilikuwa na ribiti moja iliyolegea tangu inafika, ikabadilishwa bila maneno mengi. Ivuteni kwa nguvu zenu zote nyumbani kabla ya kuitegemea porini.

Mtaambiwa pia mnunue ile kamba nyembamba inayojikunja yenyewe ndani ya kikasha cha plastiki. Kwa mbwa aliyeokolewa, tafadhali, hapana. Haikai ikalegea hata mara moja, kwa hiyo mbwa anajifunza kuvuta tu. Mbaya zaidi, kikasha kikikuponyoka kinaburuzika nyuma yake kwa kishindo, yeye anadhani anafukuzwa, anazidi kukimbia, na kadiri anavyokimbia ndivyo kinavyomfuata.

Kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa hupenda kusema siku 3 za mshtuko, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 za kujiona yupo kwao. Ni kipimo cha kukadiria, na waoga kama Doa huhitaji zaidi ya hapo. Msiwe na haraka ya kuifungua kwa sababu tu wiki imepita vizuri. Ngurumo moja inatosha kufuta wiki nzima.

Kuhusu vipimo: mbwa wa chini ya kilo 10 mchukulieni upana wa milimita 9 na ndoano ndogo, kwa sababu hii ya kwangu inawapiga miguu. Mbwa mkubwa mwenye nguvu, milimita 19. Kama kwenu ni vichaka na miti iliyosongamana, mita 10 zitajizungusha kila mahali, chukueni 5. Mimi nimeagiza ya mita 5 pia, kwa ajili ya dume mzee tuliyempokea juzi, ambaye haoni vizuri na anapenda kutembea huku bega lake likigusa goti langu.