Kima wangu watano wa kaure: wanne raha, mmoja karaha

Kwenye rafu yangu hapa Leipzig kuna bendi ya sanamu ndogo za kima watano, makoti ya kifalme na mawigi juu. Wa asili walibuniwa na Johann Joachim Kändler wa Meissen, kiwanda cha kaure cha Ujerumani, mnamo 1753, na bei yake siithubutu. Wangu ni nakala za Thüringen, jimbo la Ujerumani ambako viwanda kadhaa viliwaiga.

Wanne niliwapata Dresden, kwenye soko la Jumamosi la vitu vikuukuu kando ya mto Elbe, kwa euro 30 hadi 45 mmoja. Pale unashika, unageuza, unanusa ukitaka. Mimi huanza na kitako. Alama ya Meissen, panga mbili za buluu zilizopishana, huchorwa chini ya utando unaong'aa, kwa hiyo ukucha unateleza tu. Ukikwama, rangi imepakwa juu, na hapo rudisha pochi mfukoni. Wangu hawana panga kabisa. Ndiyo maana nawapenda: nakala isiyojidai.

Kisha uso. Nakala ya ovyo ina macho ya nukta mbili. Mpiga filimbi wangu manyoya yamechorwa unywele kwa unywele, na kakunja uso kama aliyeambiwa malipo ni mwezi ujao.

Wa tano, kiongozi wa bendi, nilimwagiza mtandaoni kwa euro 60. Picha zote zilipigwa kwa mbali. Kosa langu kutouliza. Alifika ndani ya boksi la viatu, kazungushiwa karatasi moja ya gazeti, mkono wa kulia umekatika. Nikammulika kwa ile tochi ya kukagulia noti, shingoni ukang'aa mstari wa gundi. Kumbe alishavunjika zamani! Muuzaji akashikilia kwamba picha zilionyesha kila kitu. Baada ya wiki nzima ya kuvutana akanirudishia nusu.

Bibi yangu Lamu, aliyepanga sahani za Kichina kwenye vidaka, hakununua chombo bila kukigonga kwa kidole na kutega sikio. Kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti ya kopo. Picha utaigongaje?

Soko nyota tano, hata nikipigwa na baridi. Yule muuzaji moja, kwa ajili ya ile nusu. Kiongozi nimemsimamisha mbele ya wenzake vilevile, mkono wake nimeuweka kwenye kiberiti.